Vidole Gumba vya Hatusahau

Jambo la kwanza Siwema aliloliona katika nchi ya Hatusahau lilikuwa vidole gumba. Watu wa pale, wanawake kwa wanaume, walikuwa na vidole gumba vilivyopasuka kucha na kuingia rangi nyeusi, kama vyake. Aliviangalia vyake, akavificha ndani ya kanga kwa mazoea, kisha akaona hakuna haja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa mahali ambapo mikono ya msuka mikeka haikuwa kitu cha kutazamwa.

Safari yake haina la kusimulia. Alifuata neno la mama yake, akafika. Mama yake, Mize, alikuwa msuka mikeka. Miaka minane nyuma, Siwema akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, Mize alikwenda huko, akarudi, na kabla ya kufariki alimwambia bintiye: "Nimekuachia maneno Hatusahau. Ukikua, yafuate." Basi Siwema alikua, akayafuata.

Lakini nchi ile ilikuwa ngumu kuulizwa jambo. Alipomwuliza mtu wa kwanza njia ya kwenda Baraza, alijibiwa, "Pinda," akaachwa hapo. Wa pili akasema, "kushoto." Wa tatu akaongeza, "baada ya kisima." Ilimbidi akusanye njia yake kwa watu watano. Baadaye alielezwa kuwa hiyo ndiyo desturi na ndiyo sheria: katika Hatusahau hakuna mtu mmoja anayeruhusiwa kushika jambo zima.

Sheria hiyo ilikuwa na sababu. Zamani kumbukumbu yote ya nchi ilikuwa kwa mtu mmoja, mipaka ya mashamba, ndoa, zamu za maji, na salamu za wageni. Siku moja mtu huyo akafa, na nchi ikaamka haijui nani mume wa nani. Tangu hapo waliisuka kumbukumbu katika ukili, ule mkanda mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, wa ukindu mweusi na mweupe, kila herufi na mistari yake, wakaukata ukili huo vipande na kuvigawa kwa nyumba tano: Mlangoni, Sokoni, Mtoni, Kisimani na Kilimani. Kila nyumba ilishona vipande vyake kimoja baada ya kingine katika bunda lake.

Na katika kila vipande vitano, vinne vilikuwa vya maneno na kimoja kiliitwa fidia. Fidia haisomeki. Ilitengenezwa kwa kuhesabu: pale ambapo mistari myeusi katika vile vinne ni witiri, yaani mmoja au mitatu, fidia inasukwa nyeusi, pale ambapo ni shufwa, yaani miwili au minne au hakuna, inasukwa nyeupe. Kwa hiyo nyumba moja ikiungua, nne zilizobaki zinaweza kuhesabiwa vivyo hivyo, na kipande chake kikasukwa upya. Watoto wa nchi ile waliimba uani, "Witiri nyeusi, shufwa nyeupe," wakirusha mawe, na hakuna mkubwa aliyewauliza wanaimba nini.

Mpangilio wenyewe, yaani nyumba ipi inafuata ipi, kipande kina urefu gani, na fidia inakaa wapi, ulichongwa kwenye kibao kimoja kilichowekwa ofisini kwa karani. Kwa kuwa kibao kilikuwa na thamani kuliko vitu vyote, ilikuwa kosa kukinakili, na kosa kubwa zaidi kukihifadhi kichwani. Karani Vuai alikitumia miaka thelathini akikitazama upya kila asubuhi. Alipofariki, ofisi yake ilifungwa kwa lakiri siku arobaini kwa heshima. Siku ya arobaini na moja walifungua, wakakuta mchwa wamemaliza arobaini ya kwao, na kibao ni vumbi.

Hayo yote Siwema aliyapata kwa Bi Tabu, msomaji wa nyumba ya Mlangoni, ambaye kazi yake nyingine ilikuwa kupokea wageni. Bi Tabu alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo.

"Kwa hiyo maneno ya mama yako yapo," alimwambia. "Hayakupotea hata uzi. Ila hakuna anayejua yaanzie wapi. Sasa mbona umeinama? Wewe mgeni, ulimi umeuazimisha?"

"Hapana, bibi."

"Basi afadhali. Nilidhani itabidi tukautafute na huo."

Siwema alicheka, akaziba mdomo. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na Baraza linasemaje?"

"Baraza!" Bi Tabu alibenua midomo. "Baraza limeamua. Siku ya saba kuanzia leo, mabunda yote yanafumuliwa. Ukindu utaloanishwa, tuanze kusuka upya, kila mtu aseme anachokikumbuka."

Siku saba, kisha maneno ya Mize yawe majani yaliyolowa kwenye beseni.

*

Alikwenda Barazani kusikiliza. Waziri wa Utaratibu, Bwana Feruzi, alikuwa akisoma ripoti ya Kamati ya Mpangilio.

"Nyumba tano," alisema, "zinaweza kupangwa kwa njia mia moja na ishirini. Kamati imezingatia kuwa haiwezekani nyumba yoyote kutangulia Kilimani, ambayo ni nyumba kubwa. Kwa hiyo njia zimebaki ishirini na nne. Zote tumezijaribu. Hakuna iliyosomeka. Tumeridhika kuwa kumbukumbu imekufa."

Wajumbe walipiga meza kwa kuridhika. Mzee wa nyumba ya Kilimani, Mwinyi Hatibu, alitikisa kichwa kwa huzuni ya kupendeza. Alivaa joho lenye mikono mirefu.

Mjumbe mmoja alisimama kupinga kufumua. Alisema wanazuoni wa Mtoni wamekwisha kulisoma bunda lao kama lilivyo na kulifasiri. Mathalani, imeandikwa: "Shamba la Bakari limepakana na arusi iliyofana." Kuhusu mstari huo viko vitabu vitatu. Je, vitabu hivyo vipelekwe wapi? Ubishi huo ulichukua asubuhi nzima.

Siwema hakuufuata. Alikuwa akisubiri usomaji, ambao ulifanyika kila siku kabla ya Baraza kuvunjwa. Wasomaji watano walisimama kwa safu ya heshima, Kilimani mbele, kila mmoja na bunda lake, wakasoma wote kwa pamoja, kila mtu cha kwake. Kwa mgeni zilikuwa kelele tupu. Lakini Siwema alikuwa mtu wa kusikiliza, maana hakuwa mtu wa kusema, na baada ya muda alisikia jambo katikati ya kelele zile.

Bi Tabu alikohoa. Akasoma. Punde akakohoa yule wa Sokoni. Kisha wa Mtoni. Kisha wa Kisimani. Pakapita pumzi kama ya kikohozi kimoja bila mtu kukohoa. Kisha Bi Tabu akakohoa tena.

Alimwuliza walipokuwa wakirudi. "Bibi, una kifua?"

"Kifua cha nini? Mzima kama jiwe la kusagia. Pale tunakohoa. Pana kipande hakisomeki, basi mtu anakohoa kwa adabu, anapita. Mama yangu alikohoa hapo, na bibi yangu."

"Kila baada ya vipande vingapi?"

Bi Tabu alisimama njiani. Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Vinne vya maneno, kimoja cha kikohozi."

Miguu ya Siwema iliongeza mwendo. Kipande kisichosomeka ni fidia. Fidia haikai nyumba moja, inahama. Inaanza Mlangoni, inakwenda Sokoni, Mtoni, Kisimani, na pale palipokosa kikohozi ni zamu ya Kilimani. Yeye alikuwa amesuka mshazari tangu utotoni: unaanza ukingo mmoja wa ukili, mstari mweusi unasogea hatua moja kila safu, ukifika ukingo wa pili unarudi mwanzo. Kikohozi kilikuwa mshazari. Na mshazari ukishauona, umeujua mkeka.

*

"Mabunda ya watu hatuyagusi," alisema Siwema asubuhi ya pili. Lilikuwa neno refu kwake, na Bi Tabu alinyamaza kulisikiliza. "Tukiyafumua tukakosea, hakuna pa kurudi. Tuyachore kwanza. Tukikosea, tukosee kwenye nakala."

Basi uani kwa Bi Tabu walichora kwa makaa na chokaa. Bi Tabu aliwaomba wasomaji wa Sokoni, Mtoni na Kisimani waje na mabunda yao kunywa uji, na wakiwa wanakunywa, Siwema alinakili. Kilimani hawakuja kunywa uji kwa watu. Ila Bi Tabu alikuwa na haki ya kulitazama bunda lao ghalani, maana mpokea wageni huonyesha wageni fahari ya nchi, na Siwema alikuwa mgeni. Alilikariri kwa macho, akirudi uani mara nyingi.

Urefu wa kipande ulijulikana bila shida. Kila baada ya shibiri tatu maana ilikatika ghafla, pale pale ambapo wanazuoni waliona siri. Aliziweka nyumba kwa mfuatano wa kikohozi, Kilimani ya mwisho. Halafu, Bi Tabu akimsomea, akajaribu pa kuanzia. Alianza na Mlangoni kila safu, ikakataa. Akarudi nyuma kutoka kwenye fidia, ikakataa. Siku ya nne alianza na nyumba inayofuata baada ya fidia, akazunguka.

"Soma hapa, bibi," alisema.

Bi Tabu aliinama juu ya makaa na chokaa. "'Shamba la Bakari limepakana na'... hicho ni cha Mtoni. Halafu Kisimani: 'mto upande wa kusini, na mkwaju upande wa'..." Akaketi chini kabisa, miguu imenyooka kama mtoto. "Mto. Vitabu vitatu, binti yangu. Vitabu vitatu juu ya arusi!"

Walisoma mpaka jua likawa kichwani. Zamu za maji zilirudi. Ndoa ya Bi Tabu ilirudi, na jina la marehemu mumewe, na Bi Tabu alilirudia mara mbili bila mzaha wowote. Lakini walipofika kwenye safu za miaka kumi na miwili ya mwisho, kila safu ilisomeka vizuri kisha ikatoboka. Na kila mara tundu lilikuwa Kilimani.

Siwema aliuangalia mchoro wa Kilimani kwa muda mrefu. Alikuwa ameunakili kwa haraka, kwa macho, bila kuuwaza. Sasa aliutambua. Ilikuwa nakshi ya mkeka wa kulalia, ile inayouzwa kwa pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, katika kila soko. Mwenyewe aliisuka akiwa amefumba macho. Haikuwa na neno hata moja. Ndiyo maana miaka hiyo Kilimani hawakukohoa: hawakuwa wakisoma. Walinunua ukili wa sokoni, wakaushonea kwenye bunda ili linenepe, na kila usomaji walighani chochote kilichowajia.

"Karani Vuai alijua," alisema Bi Tabu polepole. "Lazima alijua. Alikuwa akiiruka Kilimani, anaihesabu kutoka kwenye fidia, na hasemi. Atasemaje? Ni nyumba kubwa." Kisha akamtazama Siwema. "Tukienda mbele ya Baraza na kipande chao ndani ya hesabu, kila safu itaharibika, na watafumua. Tukienda bila kipande chao, itabidi mtu aseme mbele za watu kwa nini."

"Sema wewe, bibi."

"Mimi sikukiona. Umekiona wewe. Huku kwetu mtu anasema kipande chake."

*

Siku ya saba mabeseni ya maji yalikuwa yamepangwa tayari mbele ya Baraza. Bwana Feruzi alikuwa amekwisha kukunja mikono ya kanzu.

"Mgeni hana kipande," alisema alipomwona Siwema amesimama. "Asiye na kipande hana neno."

"Nimempa changu," alisema Bi Tabu, na kumtwika bunda la Mlangoni mikononi. Lilikuwa zito. Siwema alilikumbatia kifuani.

Alisema. Mwanzo hawakumsikia, na watu wa nyuma walipiga kelele, "Sauti! Umemeza kinyonga?" Alirudia. Alieleza kikohozi, akaeleza mshazari, shibiri tatu, na pa kuanzia. Bi Tabu alisoma mpaka wa shamba la Bakari, na Bakari mwenyewe, ambaye hakuna aliyekumbuka kuwa yu hai, akapiga kigelegele kama mwanamke. Kwa kitambo ikaonekana kama mambo yamekwisha.

Ndipo Siwema aliposema, "Naomba, kwa miaka kumi na miwili ya mwisho, kipande cha Kilimani kisihesabiwe."

Wajumbe wa mbele waligeuka kumtazama Mwinyi Hatibu.

Mwinyi Hatibu alitabasamu. "Binti, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tano, Mwinyi. Sikulimaliza."

Kicheko kilianza mbele, kikaenda nyuma. Siwema alikijua kicheko hicho. Alikuwa amekisikia darasani, siku mwalimu alipomsimamisha na kumwuliza: pima mia tatu na sitini za ukili, mikeka minane, kila mkeka pima ngapi? Jibu alikuwa nalo kabla mwalimu hajamaliza. Neno halikutoka. Mwalimu alisubiri, darasa likacheka, na kwenye karatasi ya kwenda nyumbani ikaandikwa: hajui kitu. Miezi michache baadaye mama alifariki, na hakuna aliyemwuliza hesabu tena.

Safari hii hakungoja kicheko kiishe.

"Naomba tuonyeshane vidole gumba," alisema.

Lilikuwa ombi la ajabu, lakini hakuna sheria iliyolikataza. Mlangoni waliinua vyao, vyeusi na vilivyopasuka. Sokoni wakainua, na Mtoni, na Kisimani. Siwema aliinua vyake juu ya bunda. Watu wote wakageuka kuitazama nyumba ya Kilimani. Vidole vyao vilikuwa vyeupe, laini, kama vya watoto wachanga. Mwinyi Hatibu alikuwa ameiingiza mikono yake ndani ya mikono ya joho.

"Toa, Mwinyi!" mtu alisema. "Au navyo vimeliwa na mchwa?"

Mwinyi Hatibu hakuitoa. Alisema, na sauti yake haikuwa ya Baraza: "Zamu yetu ilikuwa kuanza ukurasa mpya wa nchi. Vuai akatuletea fidia. Kisichosomeka! Nyumba kubwa isuke kisichosomeka? Tangu siku hiyo tukaacha kusuka."

"Kila nyumba ilisuka, Mwinyi," alisema Siwema. "Ndicho kilichowabeba miaka yote hii."

Hakusema kwa ushindi. Alisema kwa kuwa ilikuwa kweli, akaona haya kidogo, akashusha macho.

Bwana Feruzi, ambaye alipenda utaratibu kwa dhati ingawa hakuwa na bahati nao, aliamuru mabeseni yaondolewe. Kisha akasema, "Itafutwe safu moja ya miaka hiyo, ihesabiwe hapa hapa, tuone."

"Safu ya miaka minane nyuma," alisema Bi Tabu. "Salamu za mgeni. Fidia yake iko Mtoni."

Wakatandika vipande vitatu na fidia. Kisimani kilisomwa kwanza: "Mimi Mize binti Salehe, msuka mikeka, nimepita hapa. Sina shamba wala mpaka wa kuandikisha. Nina binti mmoja, Siwema. Mwalimu wake ameandika kuwa hajui kitu, na mimi nasema"

Hapo palikuwa pa Kilimani.

Aliletewa ukindu. Siwema aliketi chini mbele ya Baraza lote, akaanza. Mstari kwa mstari alihesabu mistari myeusi ya vile vinne, akasuka huku akinong'ona: witiri nyeusi, shufwa nyeupe. Mtoto mmoja aliyekuwa akitazama aliutambua wimbo wake, akaanza kuuimba, na wenzake wakamfuata, na safari hii wakubwa walinyamaza kuwasikiliza. Mwinyi Hatibu alisogea karibu. Alitoa mkono kwenye joho, akamshikia ncha ya ukili isijifumue. Siwema alimwachia ashike.

Hakujua anachokisuka. Hakuweza kuyasoma maandishi yale. Alijua tu kuwa hesabu ni sawa, na mkono wake haukusita hata mara moja. Shibiri ya tatu ilipotimia alifunga mwisho, akampa Bi Tabu.

Bi Tabu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo, alisoma kwa sauti ya ndani ya nyumba. "'Mwanangu anajua. Namtazama akisuka. Hupatia kabla hajaanza kuhesabu.'" Akapokea cha Mlangoni: "'Maneno yake yamo ndani kama ukili ulioviringishwa, haupungui kwa kuwa haujatandikwa. Atakapokuja hapa'" Na cha Sokoni: "'mpokeeni, wala msimharakishe.'"

Hakuna aliyemharakisha. Siwema alikaa pale chini na mabaki ya ukindu mapajani. Nyuma yake wajumbe walikwisha kuanza kubishana kama ripoti iandike kuwa mpangilio umegunduliwa na Kamati, au na Wizara, au na kikohozi. Bwana Feruzi alikuja na kibao kipya na patasi, akainama mbele yake kwa adabu.

"Binti Mize," alisema, "tunachonga vibao vitano safari hii, kila nyumba kimoja. Una neno tuandike chini yake?"

Siwema alisimama. Alivitazama vidole gumba vyake, vimeingia rangi mpya. Akainua kichwa, na neno likatoka kwa sauti iliyofika mpaka watu wa nyuma kabisa.

"Arobaini na tano."

Waliangaliana. "Arobaini na tano nini, mwanangu?" aliuliza Bi Tabu.

"Pima," alisema Siwema. "Kila mkeka pima arobaini na tano. Nilikuwa nalijua."